Chandarua, nyavu za madirisha au dawa ya kufukuza mbu: kaya ya mkulima ianze na nini?

Familia nyingi zinazolima mpunga katika bonde la Kilombero, Tanzania, zina makazi mawili. Kijijini kuna nyumba ya tofali na bati, yenye kitanda na misumari ya kufungia chandarua. Shambani kuna kibanda cha miti, nyasi na pengine turubai, ambako watu hukaa wiki kadhaa, wengine miezi, tangu kupanda mpaka kuvuna. Bango la malaria kwenye ukuta wa zahanati humzungumzia mtu wa nyumba ya kwanza. Mkulima akiuza gunia zake na kuuliza fedha kidogo aliyotenga aiweke wapi, anajibiwa alale ndani ya chandarua. Ni jibu sahihi, ila linamwacha njiani, maana kibanda hakina msumari na mbu wa saa moja jioni hasubiri mtu apande kitandani.

Ninalinganisha njia tatu ambazo kaya inaweza kuziamua yenyewe: chandarua chenye dawa, kuziba nyumba kwa nyavu na dari, na dawa za kufukuza mbu, yaani mafuta ya kupaka, koili na majani ya kuchoma. Upulizaji wa dawa-ukoko kwenye kuta nimeuacha kwa makusudi. Huo hupangwa na Serikali na wafadhili, na kwa miaka mingi umeelekezwa zaidi Kanda ya Ziwa na Zanzibar. Wapulizaji wakifika kwako wafungulie mlango, lakini si kitu cha kununua dukani.

Vigezo ninavyotumia ni hivi: njia inakukinga saa ngapi, inahamishika kwenda shambani au la, nani analipa, inadumu vipi katika maisha ya kilimo, na majaribio yameonyesha nini. Kila njia itapita kwenye vigezo hivyohivyo, ingawa vingine vina mengi ya kusema kuliko vingine.

Saa za mbu na saa za mkulima

Mbu wa malaria si mmoja. Katika bonde la Kilombero wanaosumbua zaidi ni wawili. Anopheles arabiensis huzaliana kwenye maji yaliyo wazi kwa jua, kama majaruba ambayo mpunga wake bado mchanga. Huyu huuma ng'ombe na binadamu, ndani na nje, na huanza mapema jioni. Anopheles funestus hupenda maji yanayokaa muda mrefu yenye majani, kama kingo za mito na madimbwi yasiyokauka. Huyu anapenda sana damu ya mtu, huingia ndani, na kazi yake kubwa ni usiku wa manane kuelekea alfajiri. Siku hizi sehemu kubwa ya maambukizi bondeni humo inatokana na funestus, hata pale anapokuwa mchache kuliko mwenzake.

Sasa weka saa za mkulima juu ya saa hizo. Jua linazama, watu wanarudi kutoka jarubani, moto unawashwa nje, ugali unapikwa, watoto wanazunguka jiko. Kulala ni saa tatu au saa nne. Mpunga ukianza kutoa punje, lazima mtu awe kwenye dungu kabla jua halijachomoza kuamia ndege, maana kwelea kwelea hawana huruma.

Chandarua kinafunika kipande cha katikati, na hicho ndicho chenye hatari kubwa kwa sababu ndipo funestus anapouma na mtu hajitambui. Hakifuniki jikoni wala dunguni. Nyumba iliyozibwa inakukinga tangu unapoingia ndani, uwe umelala au unakula, pamoja na mgeni aliyelala kwenye mkeka sebuleni. Ukitoka nje haina msaada. Dawa ya kupaka ndiyo pekee inayokufuata jikoni na dunguni, lakini inaisha baada ya saa chache, na hakuna atakayeamka saa nane za usiku ajipake upya.

Kwa hiyo kwa kigezo hiki hazishindani sana. Kila moja ina zamu yake, na swali ni zamu ipi kwako iko wazi.

Kuhama

Nyumba haihami. Aliyeweka nyavu safi kijijini na akatumia miezi minne ya mwaka kwenye kibanda, miezi hiyo minne hana kitu. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara waliliona tatizo hili na mwaka 2016 wakachapisha kazi yao kuhusu wakulima wa mpunga wanaohamahama, pamoja na mfano wa kibanda cha kubebeka kisichopitisha mbu. Wazo zuri, ila si bidhaa utakayoikuta mnadani.

Chandarua kinahama vizuri kikiandaliwa. Shida ni kwamba mara nyingi kaya ina vyandarua vya nyumbani tu, na siku ya kuhamia shamba huanza ugomvi wa kimyakimya: kipi kiende, kipi kibaki na bibi na wanafunzi. Baba na mama wanaondoka na kimoja, wanafunzi waliobaki wanajibana kwenye kingine, na anayebaki nje ni mtoto wa miaka kumi na mbili. Watoto wa umri wa shule ndio hukutwa na vimelea vya malaria mara nyingi kuliko wengine, na ndio wanaokumbukwa mwisho. Ushauri wangu hapa hauna mjadala: chandarua cha shambani kiwe cha ziada, kisiwe kimetolewa kitandani kijijini.

Kukifunga kibandani kunahitaji viguzo vinne vya kimo cha kiuno au zaidi, vikichimbiwa kwenye pembe za kitanda cha miti au mkeka, na kamba za katani kuunganisha vichwa vyake. Hapo usitegemee nguzo za kibanda chenyewe, kwa sababu upepo wa masika ukizitikisa, chandarua kinavutwa na kuchanika pembeni. Kikiwa juu ya mkeka, pindo lake lichomekwe chini ya mkeka pande zote, siyo kuachwa likining'inia.

Dawa ya kupaka inaingia mfukoni, habari imekwisha. Koili nayo inabebeka, lakini koili inayofuka usiku kucha ndani ya kibanda cha nyasi kavu, pembeni ya watu waliochoka na kulala fofofo, mimi siwezi kuipendekeza.

Nani analipa

Chandarua ndicho chenye njia nyingi za kukipata bila kulipa. Tanzania ilikuwa na Hati Punguzo kuanzia 2004 hadi 2014, iliyompa mama mjamzito punguzo dukani. Baadaye vyandarua vimekuwa vikitolewa bure kliniki, kwa mjamzito anapohudhuria na kwa mtoto anapopata chanjo ya surua ya miezi tisa, na katika mikoa kadhaa kupitia wanafunzi wa shule za msingi, utaratibu ulioanza kusini mwaka 2013. Kabla hujatoa fedha, hakikisha umechukua vile vya haki yako. Kuna kaya inanunua chandarua huku kadi ya kliniki imelala ndani ya sanduku.

Kuziba nyumba hulipwa na mwenye nyumba, na malipo yanakuja kwa mkupuo: nyavu, mbao za fremu, misumari, fundi. Ukubwa wa gharama unategemea madirisha, lakini zaidi unategemea mwanya kati ya kichwa cha ukuta na paa, ambao wengi huusahau. Nyumba inaweza kuwa na nyavu mpya zinazong'aa dirishani na mwanya wa upana wa kiganja ukizunguka kuta zote nne. Mbu wa malaria anapokutana na ukuta huwa anapanda juu, na juu anakuta mlango uko wazi. Kama fedha ni chache, anza na mwanya huo. Udongo, matofali ya kuchoma na mabaki ya mbao vinatosha, na jirani mwenye ngazi atafanya kwa ugali na mboga. Ukishauziba, acha madirisha ya kutosha yenye nyavu kwa ajili ya hewa, la sivyo ndani patawaka joto na watu watahamia barazani, ambako ndiko mbu aliko.

Dawa za kufukuza ni rahisi kwa siku na ghali kwa mwaka. Kopo la mafuta halionekani kuwa mzigo, ila zidisha kwa watu sita na kwa miezi ya mvua, utakuta limeipita bei ya vyandarua kadhaa. Majani ya kivumbasi yaliyochomwa hayagharimu kitu. Yanapunguza mbu kiasi wakati moshi upo, basi. Kwa mazungumzo ya jioni yanafaa, ila si ya kumwachia mtoto mchanga awe ndiyo kinga yake.

Kudumu

Chandarua cha dawa ya muda mrefu huhesabiwa kwa miaka mitatu. Vilipofuatiliwa vijijini Tanzania, aina kadhaa zilionekana kufika miaka miwili hadi miwili na nusu tu. Ukiingia chumba cha mkulima sababu unaziona. Gunia za mpunga zimepangwa ubavuni mwa kitanda, panya wanakuja kwa ajili ya mpunga, na pindo la chandarua lililochomekwa kati ya gunia na godoro linatafunwa kwa bahati mbaya. Kitanda cha miti kina vijiti vilivyochomoza. Mtoto anavuta. Kibatari kinakaribia mno.

Kipimo rahisi cha kukagua ni mwili wako. Tundu linalopitisha kidole gumba lishone leo. La kupitisha ngumi, weka kiraka. Yakiwepo matundu yanayopitisha kichwa, hicho kimekwisha kazi ya kitandani, tafuta kingine. Chandarua chenye dawa na tundu dogo bado kina faida kwa sababu mbu anayetua juu yake hugusa dawa, ndiyo maana kisitupwe kwa uzi mmoja kukatika. Kifuliwe kwa sabuni ya kawaida ya kufulia, bila kusugua kwenye jiwe, bila dawa ya madoa, na kianikwe kivulini, kwani jua hula dawa. Kipya kikitoka kwenye mfuko, kitandaze kivulini siku moja kabla ya kulalia, muwasho utapungua.

Nyavu za madirisha zikifungwa vizuri hudumu miaka zaidi. Adui yake ni mlango. Nyumba ya mkulima mlango unakaa wazi tangu asubuhi mpaka watu walale, na nyavu zote ulizogharamia zinabaki pambo. Asiyeweza kuweka mlango wa wavu na kamba ya mpira ya kuurudisha, walau aufunge jua linapozama.

Dawa za kupaka hazina cha kudumu, ila zina lebo ya kusomwa. Mtoto wa chini ya miezi miwili hapakwi. Wakubwa kidogo hawapakwi viganjani wala karibu na macho na mdomo.

Majaribio yanasema nini

Hapa chandarua kina historia ndefu, na sehemu yake iliandikwa hapohapo Kilombero na Ulanga. Mradi ulioanza mwaka 1997 uliuza vyandarua na dawa ya kuvichovya kwa jina la Zuia Mbu, na matokeo yaliyochapishwa 2001 yalionyesha kuwa kwa watoto wenye umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne, waliolala ndani ya vyandarua vyenye dawa walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi, kwa asilimia 27.

Tangu hapo mbu wamebadilika. Dawa iliyo kwenye vyandarua vya kawaida ni ya jamii ya pairethroidi, zilizotengenezwa kwa kuiga sumu ya maua ya pareto, na mbu wengi wameijengea usugu. Sehemu ya usugu huo inahusishwa na viuatilifu vya shambani, kwa sababu dawa nyingi za kupulizia nyanya na mboga ni za jamii hiyohiyo. Mkulima, hilo linakuhusu mara mbili.

Majaribio yaliyofanyika wilaya ya Misungwi, Mwanza, yalipima swali hili moja kwa moja, na matokeo yalitoka mwaka 2022. Baada ya miaka miwili, watoto waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa karibu asilimia 46 kwenye vijiji vya chandarua cha kawaida, na karibu asilimia 26 kwenye vijiji vya chandarua chenye pairethroidi pamoja na klorofenapiri, dawa ya jamii nyingine. Aina iliyochanganywa na PBO, kemikali ya kupunguza makali ya usugu wa mbu, ilikuwa imepoteza sehemu kubwa ya ubora wake kufikia hapo, watoto wenye vimelea wakiwa kama asilimia 41. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likapendekeza rasmi vyandarua vya klorofenapiri kwa maeneo yenye mbu sugu.

Kuhusu kuziba nyumba, majibu yanavutana. Utafiti wa Gambia uliochapishwa 2009 ulikuta watoto wenye upungufu wa damu ni asilimia 30 kwenye nyumba zisizozibwa na asilimia 19 kwenye zilizowekwa nyavu kamili. Dari ya wavu peke yake ilikaribia hapohapo. Utafiti mwingine wa Gambia, wa 2021, ulilinganisha nyumba zilizoboreshwa na za kienyeji wakati watu wote wana vyandarua, na haukukuta kinga ya ziada. Mimi nasoma tafiti hizo mbili hivi: nyavu zinasaidia, lakini pale ambapo kila mtu tayari analala ndani ya chandarua kizima, usitarajie muujiza. Anayezitegemea zaidi ni yule ambaye vyandarua vyake havitoshi au vimechoka.

Mafuta ya kupaka yanafanya kazi kwenye ngozi iliyopakwa, hilo halina ubishi. Kama mpango wa kijiji kizima hayajaonyesha kupunguza malaria, na Shirika la Afya Duniani haliyapendekezi kwa matumizi hayo. Yabaki kuwa kinga ya mtu mmoja kwa saa maalumu. Watafiti wa Ifakara wamejaribu pia gunia la katani lililotiwa transfluthrin, dawa inayosambaa hewani, na kuningʼinizwa kwenye mianya ya paa au kwenye viti vya barazani, na lilipunguza kuumwa kwa watu waliokaa karibu. Likija kuuzwa madukani litasaidia kuziba pengo la jioni nje ya nyumba ambalo chandarua na nyavu vinaliacha.

Ukishaamua chandarua, bado kuna uchaguzi

Cha duara huning'inia sehemu moja tu, kwa hiyo kinafaa chumba kidogo na kibanda chenye boriti moja imara. Hubana chini, na mguu ukigusa kitambaa mbu anauma kwa nje. Cha pembe nne kina nafasi zaidi, kinawafaa wazazi wanaolala na mtoto, na viguzo vinne vya kibandani vinakitosha. Kwa mkeka wa watoto watatu chukua cha pembe nne kikubwa, kisha ukumbuke kuwa hesabu ya kawaida ni chandarua kimoja kwa watu wawili.

Polyester ni laini na nyepesi kubeba. Polyethylene ni ngumu, hukwaruza, ila wengine huipendelea shambani kwa kuwa wanaiona ngumu kuchanika. Rangi chagua upendayo. Nyeusi na buluu hazionyeshi moshi haraka.

Kulingana na hali yako

*Nyumbani kuna mjamzito au watoto wadogo na vyandarua havifiki kimoja kwa wawili.* Fedha yote iende kwenye vyandarua, baada ya kuchukua vile vya kliniki. Nyavu zisubiri. Mjamzito aendelee pia na vidonge vyake vya SP, vya kukinga malaria, kama alivyopangiwa kliniki.

*Vyandarua vinatosha na ni vizima, nyumba ni ya bati yenye mianya.* Wewe ndiye nyavu zinakufaa. Mwanya wa paa kwanza, kisha madirisha ya vyumba vya kulala, kisha mlango. Chandarua kisifunguliwe kitandani kwa sababu umeweka nyavu.

*Nyumba ni ya nyasi au unategemea kujenga upya karibuni.* Usizike fedha kwenye fremu. Chandarua kilichozeeka, kilichokwisha dawa, kinaweza kuziba dirisha na mwanya kwa muda. Mtoni kisipelekwe kuvulia dagaa.

*Mnahamia shamba kwa msimu.* Chandarua cha ziada cha pembe nne, kamba zake zikiwa zimefungwa tayari na kuwekwa kwenye mfuko pamoja na sindano na uzi. Viguzo mtavikata hukohuko.

*Wewe ndiye unayelinda ndege alfajiri, unavua usiku au unalala nje na mifugo.* Chandarua kitakukosa saa zako. Nunua mafuta ya kupaka ya mtu mmoja, yaani wewe, badala ya kuigawia familia nzima kopo lisilotosha mtu. Mikono mirefu na soksi ni bure. Ukirudi kulala mchana au usiku wa manane, ingia kwenye chandarua kama wengine.

*Unaye mgonjwa wa homa na una kila kitu kilichotajwa hapa.* Bado mpeleke apimwe siku hiyohiyo au kesho yake, hata kama mko shambani na zahanati iko ng'ambo ya mto. Kipimo cha haraka kinachukua robo saa hivi, na dawa mseto ikitolewa amalize dozi yote ya siku tatu. Vidonge vilivyobaki vya mtoto wa jirani havihesabiki kama matibabu.